Risasi Zilizokwenda Kushoto

Mtu akiumwa na chawa ugenini, kitu cha kwanza kukitazama ni kitanda cha mwenyeji. Atakung'uta mashuka, atageuza godoro, atamwangalia mwenye nyumba kwa jicho la pembeni, na ataondoka bila kuaga vizuri. Shati lake mwenyewe hataligusa. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, walikuwa wamewachoka watu wa namna hiyo. Mmoja wao aliishi katika nyanda za ngano za Montana, akaitwa Inga Rostad.

Inga alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, dereva wa basi la shule, mwenye mikono migumu na ulimi mwepesi kuliko mikono. Baba yake, Arvid Rostad, alifariki mwezi wa Februari theluji ikiwa magotini. Ardhi iligawanywa bila maneno, ng'ombe nao vivyo hivyo. Ikabaki bunduki. Ilikuwa bunduki kongwe ya kuwindia, iliyonunuliwa na babu yao mwaka wa mavuno mazuri, na kitako chake cha mti wa jozi kilikuwa kimelainika kwa mashavu ya vizazi vitatu. Inga na kaka yake Dell waliitaka wote wawili, na hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyuma hata hatua moja.

Mzee Arvid aliwajua wanawe. Aliacha karatasi yenye mistari miwili: "Bunduki haikatwi vipande. Muipigie shabaha siku ya bunduki kongwe, risasi kumi kila mtu, na mshindi aichukue." Basi wakapatana kwamba mpaka siku hiyo, shindano la kila Septemba la bunduki za zamani, bunduki itakaa wiki moja kwa Inga na wiki moja kwa Dell, kila mtu ajizoeze atakavyo na risasi zake mwenyewe.

Dell alinunua risasi zake dukani, pakiti nne za bei ya chini, akaziweka nyuma ya kiti cha gari pamoja na kamba na soksi. Inga alicheka aliposikia. "Dell apike risasi?" aliwaambia wenzake wa basi. "Dell hapiki hata yai!"

Yeye alizipika. Chini ya nyumba yake, kwenye meza aliyoifunga ukutani isitikisike, alisafisha maganda ya shaba moja moja, akayatia fataki mpya, akapima baruti kwa mizani ndogo inayojua uzito wa unyoya, kisha akakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Kipimo cha baruti huitwa punje, na kwa bunduki ile nusu punje inaweza kuwa tofauti ya kupata na kukosa. Kila fungu la risasi alilitia kwenye kisanduku chake na kuliandika: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Alikuwa na furaha ya mpishi aliyepewa jiko jipya. Usiku alilala akihesabu punje, asubuhi aliamka akizitaja.

Kazi moja aliifanya kwa mapenzi kuliko zote. Karibu na mdomo wa bunduki palikuwa na kilengeo cha mbele, kijiti chenye kichwa cha shaba kidogo kama punje ya mtama, ambacho mpigaji hukiweka katikati ya pengo la nyuma kabla ya kufyatua. Inga alipokuwa mtoto, baba alikuwa akirudi kutoka uwanja wa shabaha kila Jumamosi, anaketi mezani jikoni, anatoa kitambaa cha manjano na kukisugua kichwa kile mpaka king'ae kama pete ya bibi harusi. Uwanjani alimchukua Dell peke yake, maana ndivyo mambo yalivyokuwa siku zile. Inga alibaki na meza tu, na kazi yake ilikuwa kushika kopo la dawa ya kung'arishia. Hakuisahau ile meza. Sasa kila alipotoka kwenda kufanya mazoezi alitia kitambaa cha manjano kwenye mfuko wa shati, na kabla ya kulala kifudifudi na kulenga alikisugua kichwa cha shaba mara kumi, akahisi baba yuko karibu.

Jumamosi ya kwanza alifika uwanjani saa tatu asubuhi na kisanduku cha thelathini na tisa. Uwanja ule unatazama kaskazini, na jua la asubuhi huwapiga wapigaji ubavu wa kulia. Alipiga risasi tano, akaenda kuitazama karatasi umbali wa yadi mia moja. Matundu matano yalikuwa yamekaa pamoja kama kuku wanaoogopa mvua, lakini yote yalikuwa kushoto kwa kiini, upana wa kiganja.

"Thelathini na tisa inavuta kushoto," akaandika kwenye daftari.

Alirudi siku nyingine baada ya kuwashusha watoto wa shule, saa tisa alasiri, na kisanduku cha arobaini. Matundu yakakaa pamoja tena. Safari hii yote yalikuwa kulia.

"Arobaini inavuta kulia!" Aliruka juu kwa furaha, peke yake katikati ya nyasi, kofia ikamwanguka. Maana mtu mwenye akili ya hesabu aliona wazi: kama thelathini na tisa inakwenda kushoto na arobaini inakwenda kulia, basi thelathini na tisa na nusu itakwenda katikati. Alikimbia nyumbani akapika risasi ishirini za thelathini na tisa na nusu. Jumapili, alipotoka kanisani na kula chakula chake, akarudi uwanjani jua likiwa mgongoni. Akapiga tano. Zote tano zikaingia kwenye kiini! Inga aliibusu ile karatasi. Aliendesha gari hadi nyumbani akipiga honi kwenye mashamba yasiyo na mtu, na fahali wa jirani akamtazama kwa mshangao mkubwa. Tangu siku hiyo mazoezi yake yote aliyafanya Jumapili mchana, saa ileile ya bahati.

Kitu kimoja tu kilimuudhi. Kila alipopokea bunduki kutoka kwa Dell, kile kichwa cha shaba kilikuwa cheusi kwa masizi.

"We Dell, hii ni bunduki au sufuria ya kambini?" alimfokea siku moja kwenye ua wake. "Umeichoma?"

Dell alikuwa fundi wa mashine za kuvunia, mtu mpole, mzito wa maneno na mwepesi wa kula. Alijikuna shingo. "Masizi tu hayo."

"Masizi tu! Baba akiona atafufuka akuzabe kofi. Nguruwe we, hata kufuta huwezi?"

Dell alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo. Kisha akaufunga, akapanda gari lake na kwenda zake. Inga alitoa kitambaa cha manjano palepale na kusugua mpaka shaba ikacheka.

Siku ya bunduki kongwe ikafika, nayo ilikuwa siku ya kioo: mbingu buluu bila wingu, mabua ya ngano yakimeremeta hadi upeo wa macho. Watu thelathini na kitu walifika na magari yao. Akina mama wa kanisa walikuwa wameleta sufuria ya maharagwe ya pilipili na sinia la maandazi ya mdalasini. Wengi hawakuja kwa ajili ya maandazi. Walikuja kuona watoto wa Arvid wakitoana jasho.

Mwamuzi alikuwa Mzee Vukonich, mwana wa mchimba makaa ya mawe, aliyekuwa rafiki wa Arvid kwa miaka thelathini na aliyeusimamia uwanja kama kasisi anavyosimamia madhabahu. Aliwaita mbele. "Sikilizeni, nyie wawili. Inga atapiga tano, kisha Dell tano. Halafu Inga tano, na Dell tano za mwisho. Kila risasi haizidi alama kumi. Tundu likigusa mstari, linahesabiwa alama ya juu. Kila mmoja atatia saini karatasi ya mwenzake. Sitaki kelele, sitaki machozi, na maharagwe hayaguswi mpaka nimemaliza kuhesabu."

"Na mimi nikifa njaa?" akauliza Dell.

"Bunduki itakwenda kwa dada yako. Haya, saa tatu imefika."

Inga akalala kifudifudi juu ya mkeka wa turubai. Moyo ulimdunda hata akausikia kwenye kitako cha bunduki. Akatoa kitambaa, akasugua mara kumi. Shaba ikawaka. Akaiweka ile nukta inayong'aa katikati ya pengo, chini ya duara jeusi, akashusha pumzi na kubana kidole. Bunduki ikanguruma. Tano zilitoka moja baada ya nyingine, laini kama siagi, na aliposimama alikuwa na hakika kwamba bunduki imeshakuwa yake.

Karatasi ililetwa. Matundu matano, yamebanana kiasi cha kufunikwa na kikombe cha kahawa, na yote yalikuwa kushoto.

"Nane, saba, saba, nane, saba," akasoma Mzee Vukonich. "Thelathini na saba."

Inga alihisi kama amekanyaga ngazi ambayo haipo. Thelathini na tisa na nusu haikosi! Alikuwa ameijaribu, ameiandika na kuibusu. Basi kama si baruti, kuna mkono wa mtu. Na bunduki ilikuwa imelala kwa nani wiki iliyopita?

Kabla hajamaliza kuwaza, Dell alikuwa ameshajilaza mahali pake. Inga akamwona akitoa kiberiti. Dell akawasha njiti, akaisogeza chini ya kilengeo cha mbele cha bunduki ya baba, na moshi mweusi ukapanda.

"Mwamuzi!" Inga alipaza sauti hadi mama mmoja akaangusha upawa. "Mwamuzi, msimamishe! Mnamwona? Anakichezea kilengeo mbele ya macho yenu! Kwa hiyo ndivyo ulivyofanya, Dell? Ulikisogeza ulipokuwa nayo, ili zangu ziende kushoto, eti? Mwizi we! Unamwibia nani? Unamwibia baba kaburini!"

Dell alibaki na njiti mkononi mpaka ikamuunguza. "Inga, Mungu wangu..."

"Usinitajie Mungu!"

"Wote kimya," akasema Mzee Vukonich. Akaichukua bunduki, akaifungua, akahakikisha haina risasi, akavaa miwani. Kwenye chuma chini ya kilengeo Arvid alikuwa amekwaruza alama nyembamba ya kuonyesha kinapopaswa kukaa. Mzee aliitazama kwa muda, akamwita Inga naye atazame. "Kimesogea?"

Inga akainama. Mstari wa juu na mstari wa chini ulikuwa umekutana sawasawa. "Hakijasogea," akasema, sauti ikiwa imepungua nusu.

"Sasa niambie. Zile risasi ulizozijaribu, zilizokwenda kushoto ulizipiga saa ngapi?"

"Asubuhi. Saa tatu."

"Na zilizokwenda kulia?"

"Alasiri, nikitoka kazini."

"Na zilizoingia katikati?"

Inga akafungua mdomo kusema mchana. Akageuka akalitazama jua, lililokuwa limening'inia kulia kwake, kisha akaitazama ile shaba.

"Baruti yako haina kosa, mama," akasema Mzee Vukonich. "Ni tamu kuliko takataka za dukani za huyu kaka yako. Lakini shaba iking'aa, jua la kulia linawasha upande wa kulia tu. Jicho lako linaushika ule mng'ao, linauweka katikati, linadhani limekishika kichwa kizima. Kumbe mdomo wa bunduki umeshakwenda kushoto. Jua likihamia upande wa pili, nazo risasi zinahama. Ndiyo maana tunakitia masizi, kiwe cheusi kizima, jicho lisidanganyike. Baba yako alikuwa akikitia masizi kila Jumamosi kwa miaka thelathini, hapohapo uliposimama."

"Baba alikuwa akiking'arisha!" Inga alisema. "Nimemwona kwa macho yangu. Mezani. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika kopo!"

"Akishatoka huku," akasema Dell polepole. "Alikuwa akifuta masizi, Inga. Yakikaa yanakula chuma. Wewe ulikuwa ukiona mwisho tu."

Upepo ulipita kwenye mabua. Inga aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni hadi kwenye masikio, mbele ya watu thelathini na sufuria moja ya maharagwe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Kila nikikurudishia unafuta, nikasema labda ana mbinu yake. Siku ile uani nilitaka kukuambia." Dell akakuna shingo. "Halafu ukaniita nguruwe."

Watu walicheka, na Inga mwenyewe kicheko kikamtoka bila ruhusa. Mzee Vukonich akapiga makofi mawili. "Yaliyopigwa yamepigwa. Alama zinabaki kama zilivyo. Dell, mkekani!"

Dell akamalizia kukitia kilengeo masizi, akapiga tano. Risasi zake za dukani zilitawanyika kidogo, lakini zilitawanyika kuzunguka kiini. "Arobaini na tano!" Alikuwa mbele kwa alama nane.

Zamu ya Inga ikarudi. Alilala, akaweka shavu kwenye mti wa jozi, na mkono wake wa kulia, bila kuulizwa, ukaanza kwenda kwenye mfuko wa shati. Aliusimamisha njiani. Kitambaa cha manjano kilikuwa humo, kimekunjwa vizuri, kinamngoja. Akakichomoa akakirusha mbali kwenye nyasi kama mtu anayemtupa nyoka.

Kisha akalenga, na akashangaa. Hapakuwa na mng'ao. Palikuwa na kichwa cheusi, kizima, chenye kingo kali kana kwamba kimekatwa kwa mkasi, na pande zote mbili za pengo mwanga ulikuwa sawa. Miezi yote ile hakuwahi kukiona! Akabana kidole.

Mtu mwenye darubini akasema, "Kumi."

Ya pili. "Kumi!" Ya tatu. "Kumi! Jamani!" Watu walianza kusogea. Hata akina mama waliacha sufuria. Ya nne ikaingia karibu katika tundu la ya tatu, na mwenye darubini akapiga yowe ambalo Mzee Vukonich alilisamehe. Kabla ya risasi ya tano Inga alihisi machozi yanataka kuja, akayaambia yasubiri. Akashusha pumzi, akashikilia nusu yake, na bunduki ikanguruma.

"Kumi! Hamsini kamili!"

Uwanja ulilipuka. Kofia zilirushwa juu, mtu alipiga honi, na Inga alijikuta anamkumbatia mwanamke asiyemjua jina. Hamsini juu ya thelathini na saba, themanini na saba! Haijawahi kuonekana bunduki kongwe ikipiga hivyo kwa vilengeo vya chuma, bila darubini. Dell sasa alihitaji arobaini na tatu, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Usitetemeke, Dell," Inga akamwambia, na wote wawili wakashangaa kwamba hakuwa anamkejeli.

Dell akakitia kilengeo masizi upya, akapiga. "Tisa." Akapiga. "Nane." Akapiga. "Tisa." Ya nne ilichelewa sana, na ilipotoka ikawa nane. Thelathini na nne. Kila mtu uwanjani alijua hesabu: akipata nane wanalingana, akipata tisa bunduki ni yake, akipata saba ni ya Inga. Inga aliuma kucha ya kidole gumba. Hakujua anaomba nini.

Risasi ya mwisho ikatoka. Mwenye darubini akapangusa kioo, akatazama tena, akatikisa kichwa. "Mimi siwezi kusema. Ileteni."

Karatasi ililetwa. Tundu la mwisho lilikuwa kwenye pete ya nane, limeegemea mstari wa tisa kama mlevi anavyoegemea ukuta. Je, linaugusa au linaupumulia tu? Mzee Vukonich alitoa kioo cha kukuzia, akainama, akalichunguza tundu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Akamkabidhi Inga kile kioo. "Wewe ndiye unayetia saini karatasi yake. Sema."

Inga akainama. Chini ya kioo tundu lilikuwa kubwa kama sahani. Aliuona ukingo wake ukiikata rangi ya mstari, si zaidi ya unywele, lakini umeikata. Hakuna mwingine aliyekuwa na kioo, na Mzee alikuwa amemwachia yeye uamuzi. Angeweza kusema nane, wakalingana, wakapiga tena, na kwa mkono aliokuwa nao asubuhi ile angemshinda kaka yake bila shaka. Aliliona hilo wazi. Aliliona pia neno mwizi, alilolitupa mbele ya watu nusu saa iliyopita.

"Tisa," akasema. "Limekata mstari." Akatia saini.

Themanini na nane kwa themanini na saba. Dell alikaa chini kwenye nyasi. Inga akaenda akasimama mbele yake, na akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye maharagwe, "Nilikuita mwizi, kaka. Mbele ya watu nilikuita, na mbele ya watu nakuomba radhi. Hukuniibia kitu."

"Basi, Inga. Yamekwisha." Dell alifuta macho kwa kiganja chenye masizi, akajipaka weusi usoni. "Lakini ile hamsini... Baba angeenda wazimu."

"Angeenda!" Inga akacheka na kulia kwa pamoja. Bado alikuwa na furaha ya zile risasi tano, furaha ambayo kushindwa hakukuweza kuizima.

Walipokwenda kula, alibaki nyuma kidogo akaishika karatasi yake ya kwanza. Matundu matano mazuri, yamekaa pamoja, upana wa kiganja kutoka mahali pake. Mawili tu kati ya hayo yangesogea kidogo kulia, asingekuwa anaitazama bunduki ya baba yake ikipanda gari la mtu mwingine. Alimtafuta adui kwenye mizani ya baruti, akamtafuta kwa ndugu yake wa damu, akamtukana hadharani, na muda wote alikuwa amemkunja adui huyo kwa mikono yake mwenyewe na kumweka kwenye mfuko wa shati. Kikulacho ki nguoni mwako.